PTO ya trekta la zamani: anza na klachi kabla hujafungua nyuma

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimenunua trekta la miaka ya 1960 ambalo lilikuwa limelala muda mrefu. Injini ni nzima, ila PTO, ile shafti ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye vifaa, inanisumbua. Nikiingiza leva, gia zinakwaruza. Nikiitoa, shafti inaendelea kuzunguka polepole. Nikiwa nafyeka nyasi kwa slasha (mashine ya visu inayofungwa nyuma ya trekta) na kukanyaga klachi ili nisimame, trekta linasukumwa mbele kidogo kabla ya kutulia. Tena mafuta yanadondoka pale shafti inapotokea nyuma. Fundi aliyeliona anasema PTO imekwisha na anataka kufungua nyuma yote. Ni kweli? Na PTO ya trekta la zamani inatunzwa vipi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Mwambie fundi wako aweke spana chini kwanza. Katika mambo manne uliyoyataja, moja tu ndilo liko nyuma, nalo ni hayo mafuta. Mara nyingi hilo humalizwa kwa kufungua bolti chache. Mengine, hasa kukwaruza na kusukumwa, yananielekeza mbele, kwenye klachi, ambayo hutaifikia hata ukitoa kila kitu kilichomo nyuma. Na hilo la kusukumwa na slasha huenda hata si ubovu. Inawezekana ndivyo trekta lilivyotengenezwa, na mwenye nalo wa zamani alikwisha lizoea.

Yote yanategemea jambo ambalo hukuliandika, pengine kwa sababu muuzaji naye hakukwambia: nguvu ya injini inaifikia PTO yako kwa njia gani?

Matrekta ya zamani yana njia tatu. Kongwe zaidi ni ile ya klachi moja kwa kila kitu. Nguvu inapita kwenye sahani moja ya klachi, inaingia gia boksi, na humo ndimo PTO inapochukua mgao wake. Ukikanyaga pedali, magurudumu na PTO vinakatiwa nguvu kwa pamoja. Ferguson TE20, iliyotengenezwa kuanzia 1946 hadi 1956, ni ya ukoo huu, na Ford 8N vilevile. Kwenye matrekta hayo hata pampu ya haidroliki inaitegemea PTO: leva ya PTO ikiwa nje, mikono ya nyuma ya kunyanyulia vifaa haipandi. Kuna watu waliokwisha fungua pampu nzima wakitafuta ugonjwa, kumbe leva tu haikuingizwa.

Njia ya pili ni klachi ya hatua mbili. Ndani mna sahani mbili, moja ya gia boksi na nyingine ya PTO, ambayo mara nyingi huzungusha na pampu ya haidroliki. Pedali ikifika karibu na katikati unaisikia inakuwa nzito ghafla. Hapo magurudumu yamekatiwa nguvu lakini PTO inaendelea na kazi. Ukiimaliza hadi chini, PTO nayo inakatwa. Massey Ferguson 35 na 135 nyingi ziko hivi, ingawa ziliuzwa pia zenye klachi moja, kwa hiyo usihukumu kwa jina lililoandikwa kwenye boneti. Njia ya tatu, PTO ina klachi yake yenyewe, na pedali ya mguu haiihusu kabisa. Hiyo sidhani kama ni yako, maana usingelalamikia pedali.

Kupima ni rahisi. Ondoa kifaa chochote kilichofungwa nyuma. Paka rangi mstari mmoja kwenye ncha ya shafti ili uonekane ikizunguka. Mtu wa pili asimame pembeni, mbali, atazame tu. Washa injini, iache kwenye mlio wa chini, ingiza PTO, kisha endesha kwa gia ndogo kabisa kwenye uwanja tambarare. Kanyaga pedali taratibu mpaka uzito wa kwanza. Trekta likisimama huku mstari wa rangi ukiendelea kuzunguka, una hatua mbili. Vikisimama vyote kwa pamoja, una klachi moja, au ulikuwa na hatua mbili na mtu fulani akafunga klachi ya sahani moja wakati wa matengenezo. Hilo la mwisho hutokea sana kuliko watu wanavyodhani.

Sasa twende kwenye kusukumwa. Slasha ina visu vizito na vinazunguka kwa kasi. Ukikata nguvu ya injini, visu havisimami papo hapo. Kwenye PTO ya klachi moja, mzunguko huo unarudi kupitia shafti, unaingia gia boksi na kuyazungusha magurudumu. Umeikata injini, lakini sasa slasha ndiyo inayoendesha trekta. Anayefyeka karibu na mtaro, ukuta au watu na hajui jambo hili yuko hatarini, kwa sababu mguu wake unamwambia trekta limeachiliwa ilhali bado linakwenda.

Kama kipimo kimeonyesha klachi moja, usitafute ubovu mwingine. Dawa yake ni kaplingi inayoshika upande mmoja tu, inayovalishwa kwenye ncha ya shafti ya PTO kabla ya shafti ya kifaa. Inafanya kazi kama frii ya baiskeli: injini inaweza kuzungusha slasha, slasha haiwezi kuzungusha injini. Ivalishe, ifunge sawasawa kwa pini yake, na uipe grisi. Ila kumbuka kwamba inaongeza urefu nyuma ya trekta, na urefu huo una madhara yake nitakayoyaeleza chini. Hadi utakapoipata, jizoeze kupunguza mwendo wa injini mapema, kuacha slasha ipungue mwendo, ndipo ukanyage klachi, na mguu wa breki uwe tayari.

Kama kipimo kimeonyesha hatua mbili na bado unasukumwa, jaribu tena bila slasha. Toa leva ya PTO, weka gia ndogo, kanyaga pedali hadi chini na usubiri. Trekta likitambaa mbele hata hivyo, klachi ya magurudumu haiachii vizuri na unahitaji marekebisho nitakayoeleza. Lisipotambaa, angalia leva ya PTO yenyewe. Baadhi ya matrekta ya zamani yana leva ya nafasi tatu: mwendo wa injini, katikati, na mwendo wa magurudumu. Ikiwa kwenye mwendo wa magurudumu, shafti inazunguka pale tu trekta linapotembea, na ukirudi nyuma inazunguka kinyume. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashine zinazotakiwa kwenda sawa na hatua za trekta. Kwa slasha ni mahali pabaya, maana slasha na magurudumu vimefungwa pamoja bila klachi yoyote kati yao.

Kukwaruza kunakuja baada ya hapo, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea.

Gia mbili zikikutana moja ikiwa inazunguka na nyingine imesimama, zitalia. Ili zisilie, upande unaotoka kwenye injini lazima usimame kwanza. Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kukwaruza ni haraka. Kanyaga pedali hadi chini kabisa, hesabu polepole mpaka tano au zaidi, injini ikiwa kwenye mlio wa chini, kisha ingiza leva. Shafti za ndani ni nzito na zimeogelea kwenye mafuta. Zinahitaji muda kutulia. Madereva wengi wenye klachi ya hatua mbili hukanyaga mpaka ule uzito wa kwanza tu wakadhani wamefika mwisho, na hapo PTO haijakatwa hata kidogo.

Ukisubiri na bado zinalia, klachi ya PTO haiachii. Anza na nafasi ya pedali. Pedali inatakiwa icheze kidogo kabla ya kuanza kusukuma chochote. Sahani inavyolika, nafasi hiyo hupungua, na ikiisha, beringi ya klachi inakuwa inasuguliwa muda wote na klachi inaanza kuteleza. Nafasi ikizidi, mguu unafika chini kabla klachi haijamaliza kuachia. Kitabu cha trekta lako kinataja kipimo. Fuata hicho, na uirekebishe nafasi hiyo ya pedali kwanza, kwa sababu marekebisho ya hatua ya pili hupimwa baada ya hatua ya kwanza kuwa sawa.

Hatua ya pili ina bolti zake ndani. Kwenye klachi nyingi za aina hii kuna tundu lenye kifuniko ubavuni mwa nyumba ya klachi. Toa waya wa betri ili injini isiwashwe kwa bahati mbaya, fungua kifuniko, zungusha injini kwa mkono, na utaona bolti tatu za kurekebishia zikija moja baada ya nyingine. Kati ya kila bolti na kile inachokisukuma kuna nafasi ndogo. Kwenye Massey Ferguson za familia ya 135 ni karibu milimita 2. Kubwa kuliko kipimo chenyewe ni kwamba zote tatu zilingane. Zikitofautiana, sahani inaachia upande mmoja huku upande mwingine ukiendelea kugusa, na hapo hata ukikanyaga pedali mpaka jioni PTO itazidi kuzunguka. Ni kazi ya spana mbili na kipimo cha majani membamba ya chuma cha kupimia nafasi. Trekta halitenganishwi.

Wewe lakini umesema trekta lililala muda mrefu. Hilo linanipa mashaka ya ziada. Unyevu ukiingia nyumba ya klachi, sahani huganda kwa kutu kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) au kwenye bamba la kubana. Ikiganda sawasawa, klachi haiachii kabisa. Ikiganda kidogo, inaachia kwa kusitasita na kukwaruza kama ulivyoeleza. Pasha injini moto vizuri, ukiwa uwanja mpana, na ufanyie PTO kazi nyepesi kwa muda huku ukikanyaga na kuachia pedali mara kwa mara. Mara nyingi kutu hujifuta yenyewe. Baada ya hapo, kila utakapoliegesha kwa wiki nyingi, kanyaga pedali hadi chini na uizuie kwa kipande cha mbao. Sahani zikikaa zimeachana, hazigandi.

Kuna pia beringi ndogo iliyokaa katikati ya flaiwili, inayoshikilia ncha ya shafti ya klachi. Ikikauka grisi na kukwama, inaikokota shafti hata klachi ikiwa imeachia kikamilifu. Dalili yake ni mlio mwembamba unaosikika pedali ikiwa chini. Hiyo haifikiwi bila kutenganisha injini na gia boksi, kwa hiyo ichukulie kama mshukiwa wa mwisho.

Lile la shafti kuzunguka polepole leva ikiwa nje, usilipe uzito mpaka ulipime. Ndani ya gia boksi mafuta mazito yanazishika gia zinazozunguka na zile zisizozunguka, na mafuta yakiwa baridi yanaweza kuikokota shafti isiyo na mzigo. Matrekta mengi ya zamani hayana breki ya PTO ya kuizuia. Zima injini, toa leva, zungusha shafti kwa mkono: inatakiwa iende kwa wepesi. Kisha funga kifaa chepesi, washa, acha leva nje, na ukiwa kwenye kiti angalia kama kifaa kinazunguka. Kikibaki kimesimama, ni mafuta tu. Kikizunguka, basi leva haitoi gia kikamilifu, na mara nyingi ni pini au uma wa leva uliolika. Kamwe usiijaribu shafti inayozunguka kwa mkono, kwa mguu, wala kwa kipande cha mti, hata kama inaonekana haina nguvu.

Mafuta yanayovuja sasa. Kabla ya kununua sili, ile pete inayozuia mafuta yasitoke kandokando ya shafti, shika ncha ya shafti, injini ikiwa imezimwa, uitikise juu na chini. Kama ina mchezo unaousikia mkononi, beringi ya nyuma imelika. Sili mpya juu ya beringi iliyolika itavuja tena baada ya muda mfupi, maana mdomo wa sili hauwezi kufuata shafti inayoyumba. Angalia kiwango cha mafuta nacho. Aliyekuuzia huenda alijaza kupita kiasi. Tafuta tundu la kupumulia la gia boksi au ekseli. Likiziba kwa tope, joto linajenga shinikizo ndani na mafuta yanatafuta mlango dhaifu, ambao mara nyingi ni sili ya PTO.

Halafu chungulia nyuma ya kofia ya shafti. Kwa anayefyeka nyasi au kufunga marobota, kamba na majani marefu hujisokota kwenye shafti, yanaingia hadi kwenye sili na kuikata. Utayakuta yamekaa kama pete ngumu nyeusi. Yaondoe kwa kisu kila baada ya kazi, injini ikiwa imezimwa.

Kubadilisha sili kwenye matrekta mengi ya zamani ni hivi: punguza mafuta, au egesha trekta pua ikiwa imeinama ili mafuta yaende mbele, fungua bolti za nyumba ya beringi, na shafti inatoka nyuma pamoja na beringi yake. Tazama pale mdomo wa sili unapogusa. Ukiona mfereji unaoshikwa na ukucha, sili mpya ikikaa palepale itavuja. Ivalishe shafti pete nyembamba ya chuma ya kukarabatia, au kama nafasi inaruhusu sukuma sili milimita chache mbele au nyuma ya mfereji. Unaporudisha, zungusha shafti kwa mkono hadi meno ya ndani yakutane yenyewe. Usigonge ncha ya shafti kwa nyundo, kwani kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye mipira ya beringi. Na angalia rangi ya mafuta uliyomwaga. Kama yamekuwa meupe kama maziwa, yameingiwa na maji, na kwenye matrekta ambayo mafuta ya gia boksi ndiyo hayohayo ya haidroliki, maji hayo yanakula beringi na pampu kwa wakati mmoja. Mwaga yote, usijaze juu yake.

Umeuliza utunzaji. Nikuambie wazi: PTO nyingi nilizoona zimeharibika ziliharibiwa na shafti ya kifaa, ile ndefu yenye kros mbili, yaani viungo vinavyoiwezesha kuzunguka ikiwa imepinda.

Kosa baya kuliko yote ni shafti ndefu kupita kiasi. Bomba zake mbili zinaingiana na kutoka kadiri kifaa kinavyopanda na kushuka. Ikiwa ndefu, ukinyanyua kifaa bomba zinafika mwisho, na nguvu yote ya mikono ya haidroliki inaisukuma shafti ya PTO ndani ya trekta. Beringi inapasuka, wakati mwingine nyumba yake nayo. Funga kifaa, injini ikiwa imezimwa kwa kila unapoingia kati, kinyanyue na kukishusha huku ukipima, utafute mahali ambapo trekta na kifaa viko karibu zaidi. Hapo bomba zibaki na nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kabla ya kugonga mwisho. Pale zinapokuwa mbali zaidi wakati wa kazi, angalau theluthi moja ya urefu iwe bado imeingiana. Ukilazimika kukata, kata bomba zote mbili na kinga zake kwa kipimo kilekile, piga tupa kingo, paka grisi. Hapa ndipo ile kaplingi ya upande mmoja inapohusika: shafti iliyokuwa sawa jana inakuwa ndefu mno leo, kwa sababu umeongeza kipande mbele yake.

Matrekta ya zamani zaidi, yakiwemo TE20 na 8N, yana shafti nyembamba ya inchi 1⅛, wakati kiwango cha sasa cha mizunguko 540 ni inchi 1⅜, yaani milimita 35, yenye meno 6. Wengi huvalisha kipande cha kunenepesha. Kinakubalika, lakini nacho huongeza urefu, na kikilegea hula meno ya shafti yako. Kwa vifaa vya kukokotwa, umbali wa kiwango kutoka ncha ya shafti ya 540 hadi pini ya kukokotea ni inchi 14, karibu milimita 356. Ukiisogeza pini kwa ajili ya trela na usiirudishe, kros zitabanwa kila unapokata kona.

Kros nazo zina jambo lao ambalo mafundi wengi hulipuuza. Kros moja ikiwa imepinda, haipeleki mzunguko ulio sawa. Kila mzunguko mmoja inaongeza na kupunguza mwendo mara mbili. Kros ya pili huufuta msukosuko huo, kwa sharti kwamba masikio ya uma za ndani, zile mbili zilizounganishwa na bomba, yako kwenye mstari mmoja, na pembe za pande mbili zinakaribiana. Mtu akiitenganisha shafti na kuirudisha imezungushwa robo, trekta lote litatetemeka na atalaumu beringi. Tazama hilo kabla ya jingine lolote. Kros zipe grisi kila baada ya saa 8 za kazi, bila kusahau bomba zinazoingiana na beringi za plastiki za kinga.

Bolti dhaifu ya kukatika, kama kifaa chako inayo, ibadilishe kwa ya daraja lilelile. Anayeweka bolti ngumu ili "isikatike kila mara" amehamisha kukatika huko kwenda kwenye trekta. Kama badala yake kuna klachi ya kuteleza kwenye kifaa, ilegeze springi kabla ya msimu, iache iteleze kidogo, kisha ikaze tena kwa kipimo. Ikikaa miezi bila kuteleza hushikana kwa kutu na kuwa kipande kimoja cha chuma.

Kuhusu mwendo: wengi wanaolihurumia trekta kuukuu hulifanyisha kazi kwa mlio mdogo. Wanaliumiza. Kilowati 30 kwenye mizunguko 540 kwa dakika ni msokoto wa karibu newtoni mita 530. Nguvu hiyohiyo ukiidai kwenye mizunguko 270, msokoto unakuwa maradufu, na ni msokoto unaopinda shafti na kuvunja meno. Fanya kazi kwenye 540. Matrekta mengi ya enzi hizo yana alama ya PTO kwenye saa ya mizunguko ya injini, mara nyingi mahali fulani kati ya 1500 na 2000. Saa ikiwa imekufa, pima kwa takometa ya mwanga ukiwa umebandika kipande kinachong'aa kwenye shafti. Kinyume chake pia ni hatari: kifaa cha 540 usikifunge kwenye shafti ya mizunguko 1000 kwa kipande cha kubadilishia, kwani nguvu inayovuta visu nje inaongezeka karibu mara tatu na nusu.

Mizunguko 540 kwa dakika ni 9 kwa sekunde. Shafti ya kifaa yenye unene wa sentimita 7 inakunja karibu mita 2 za nguo ndani ya sekunde moja. Hakuna mtu mwenye nguvu wala wepesi wa kushindana na hilo, na trekta la zamani ndilo mara nyingi limeshapoteza kinga zake. Kofia ya juu ya shafti irudishwe, kinga ya plastiki ya shafti ndefu izunguke huru na ifungwe mnyororo wake, na usiivuke shafti inayozunguka hata kama upande wa pili ni hatua moja.

Turudi kwa fundi wako. Kuna hali mbili zinazoweza kuhalalisha kazi kubwa. Moja ni meno yaliyovunjika au uma wa leva uliolika, na hayo yataonekana kama vipande vya chuma kwenye mafuta uliyomwaga. Hapo sehemu ya nyuma itafunguliwa kwa haki. Nyingine ni sahani ya PTO iliyokwisha, nayo utaijua ukiwa kazini: slasha inapungua mwendo kwenye nyasi nzito huku injini ikilia vilevile, pengine na harufu ya kuungua. Injini ikielemewa pamoja na slasha, klachi ni nzima na mzigo ndio mkubwa. Angalia pia tundu dogo chini ya nyumba ya klachi, ambalo kwenye matrekta mengi lina pini inayoning'inia. Izungushe ili lizibuke. Mafuta meusi yakitoka hapo, ni sili ya nyuma ya injini. Yakiwa ya rangi ya mafuta ya gia, ni sili ya shafti inayoingia gia boksi. Yoyote kati ya hizo italowesha sahani na kuifanya iteleze hata kama bado nene.

Ikifikia hapo, trekta litatenganishwa katikati, kati ya injini na gia boksi, wala si nyuma. Na kwa kuwa uzito na kazi ya kulitenganisha ni uleule kwa sehemu moja au kwa zote, badilisha kwa mkupuo sahani zote mbili, beringi ya klachi, ile beringi ndogo ya flaiwili na sili za pande zote mbili. Uso wa flaiwili ukaguliwe kama una nyufa au umepinda, na bolti tatu za hatua ya pili zipimwe kabla ya kulifunga tena.